Hotuba ya Karani: Shule na Chuo Vishirikiane kwa Ajili ya Vijana Wetu

(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo yachapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri)

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu waheshimiwa, Mama zetu, na ndugu wanachama wote,

Kazi ya karani, kama mjuavyo, ni kuandika maneno ya wengine, wala si kusema maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo Halmashauri iliponiagiza nitayarishe hotuba juu ya elimu ya vijana wetu waliofika umri wa miaka 15 hadi 18, niliona haya kidogo, maana hapa wamo wazee waliojenga shule kwa mikono yao kabla mimi sijazaliwa. Lakini mtoto akitumwa na wakubwa hana budi kwenda. Nikikosea, naomba mnisahihishe kama mnavyomsahihisha mtoto wenu.

Jambo nililo nalo ni moja. Katika hesabu za Chama ziko fedha ambazo katika mkutano uliopita tulikubaliana ziwekwe kwa ajili ya kujenga karakana katika shule yetu ya sekondari ya kutwa. Nami nilikuwa mmoja wa walioinua mkono. Leo nasimama kuwaomba tungoje kidogo kabla ya kununua jiwe la kwanza. Naona kwamba tunachotaka kukijenga tayari kipo, nacho ki hatua chache kutoka mlango wa shule. Kilichokosekana ni mapatano tu. Nitaeleza sababu zangu, kisha uamuzi utakuwa wenu.

HALI ILIVYO SASA

Wazee wengi wameniuliza, “Mtoto wangu yuko Gredi ya 10, hiyo ndiyo nini?” Yafaa basi nianze hapo.

Mpango wa elimu wa 8-4-4, ambao ulianza mwaka 1985 nasi wa rika langu tukasoma ndani yake, unaondoka polepole. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na mtihani wa mwisho wa kidato cha nne umepangwa kufanywa mwaka 2027. Mpango mpya ulianza katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019. Kundi la kwanza la watoto hao lilifanya mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini mwaka 2025, nao walizidi milioni 1.1 katika Kenya nzima. Januari 2026 wakaingia sekondari ya juu, ambayo ni ya miaka mitatu, yaani Gredi ya 10, ya 11 na ya 12.

Katika sekondari ya juu ziko njia tatu. Ya kwanza ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Ya pili ni ya elimu ya jamii. Ya tatu ni ya sanaa na michezo. Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hesabu, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Kisha huchagua masomo matatu yanayofuata njia yake. Na katika masomo ya kuchagua yamo ya useremala, ya uhunzi na kazi za chuma, ya ujenzi, ya umeme, ya mitambo ya magari, na mengineyo ya namna hiyo.

Kwenye karatasi mpango huu ni mzuri mno. Wamtambua kijana kuwa si kichwa tu, bali ana mikono pia, na macho, na moyo unaopenda jambo fulani kuliko jingine. Lakini karatasi haina jiliwa wala randa. Somo la umeme lataka nyaya, mbao za kufanyia mazoezi, vyombo vya kupimia, na mwalimu ambaye yeye mwenyewe amepata kuutia umeme katika nyumba. Shule kubwa za bweni, zenye majina na miaka mingi, huenda zinavyo vitu hivyo. Shule yetu ya kutwa, ambayo wazazi waliianzisha kwa harambee na kwa mabati ya kuombaomba, itavitoa wapi?

HABARI YA MTOTO WA DADA YANGU

Nitawapa mfano mmoja, nao ni wa nyumbani kwangu. Mtoto wa dada yangu ana umri wa miaka 16. Tangu utoto wake, redio ikiharibika ndiye aliyeifungua. Mara nyingine iliimba tena, mara nyingine haikuimba tena kamwe. Alipomaliza Gredi ya 9 alichagua umeme. Alipelekwa katika shule ya kutwa iliyo karibu na kwao. Juma la pili aliitwa ofisini, akaambiwa kwa upole kwamba somo hilo halina mwalimu wala chumba, na kwamba afadhali achague lingine lililo na mwalimu. Simlaumu aliyemwambia hivyo, maana alisema kweli.

Mtoto akakubali, kwa kuwa alilelewa kuwatii wakubwa. Lakini katika muhula huo alikosa shule siku nyingi. Dada yangu alipomfuata siku moja alimkuta amesimama kwenye ua wa chuo cha ufundi kilicho jirani na shule hiyo, ameshika seng'enge kwa mikono miwili, akiwatazama vijana wa chuo wakifunga swichi kwenye ubao. Mama yake akamwuliza, “Wafanya nini hapa?” Naye akajibu, “Mama, nasoma.”

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma. Shule ile na chuo kile vimetengwa na ua mmoja tu. Nilikwenda mimi mwenyewe kupatazama. Katika karakana ya chuo nilihesabu majiliwa manane yaliyofungwa mezani, na mafundi-wanafunzi watano. Siku ya Ijumaa alasiri hapakuwa na mtu kabisa. Mlango ulikuwa na kufuli. Upande wa pili wa ua walikuwako watoto mamia, na hata jiliwa moja hapakuwa. Nikatafuta lango baina ya shule na chuo, nikaambiwa halijapata kuwako. Mtu atokaye shuleni kwenda chuoni huzunguka kwa barabara kuu.

Nikamwuliza mwalimu wa chuo kama wao nao wana upungufu. Akasema, “Tunao mwingi. Vijana wangu wajua kuchomelea chuma, lakini hesabu ya vipimo yawashinda, na mimi si mwalimu wa hesabu. Barua ya kuomba kazi hawawezi kuiandika.” Basi pande zote mbili zina njaa, na kila upande una chakula ambacho mwenzake hana.

TULIKOTOKA

Wako watakaosema kwamba jambo la shule mbili kutumia kitu kimoja ni geni, la wakati huu. Sivyo. Mimi nilisoma katika sekondari ya misheni, na katika historia tuliyofundishwa ilikuwamo habari hii. Mwaka 1918 misheni nne za Kiprotestanti, yaani Church of Scotland Mission, Church Missionary Society, Africa Inland Mission na United Methodist Mission, zilifanya mapatano ya ushirikiano huko Kikuyu. Zilikuwa na tofauti zao katika mambo ya ibada, wala hazikuzificha. Lakini zilitambua kwamba shule ya sekondari iliyo imara ni mzigo mzito kwa misheni moja. Mwaka 1926 Shule ya Alliance ikafunguliwa hukohuko Kikuyu, na jina lenyewe maana yake ni mapatano. Ikiwa wenye kutofautiana juu ya mambo ya ibada waliweza kupatana juu ya dawati na ubao, sisi tulio wa kata moja, tunaozikana na kuozana, tutashindwaje kupatana juu ya ufunguo wa karakana?

Wala ufundi wenyewe si mgeni kwetu. Chuo cha mafunzo ya ufundi cha Kabete kilianza mwaka 1924. Mwaka 1966 baraza la makanisa lilitoa taarifa iliyouliza vijana wamalizao shule ya msingi watakwenda wapi, na kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo wengi wetu bado twaviita politekniki. Wazee waliopo hapa wavikumbuka. Mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu sasa hivi, katika ukumbi huu, yalipigwa misumari na vijana wa chuo kama hicho.

Liko na somo jingine tulilolipata kwa uchungu. Mpango wa 8-4-4 ulipoanza, kila shule ya msingi ilitakiwa kufundisha kazi za mikono, na wazazi wakaambiwa wajenge karakana. Wakajenga. Wengi wenu mliuza mbuzi kwa ajili hiyo. Lakini majengo yalipokwisha, vyombo havikutosha, na walimu wa ufundi walikuwa haba. Na miaka ya baadaye masomo yale yakapunguzwa. Mimi nilipoingia shule ya msingi, karakana ya shule yetu ilikuwa ghala ya viti vilivyovunjika. Tulikatazwa kuingia kwa sababu ya nyoka. Nasema haya bila dharau kwa waliojenga. Walitii wito, wakatoa walichokuwa nacho. Lakini jengo peke yake si elimu. Nachelea tusije tukajenga ghala jingine la nyoka.

WENGINE WALIVYOFANYA

Katika nchi ya Uingereza jambo hili la shule na vyuo kushirikiana limejaribiwa kwa miaka mingi, na yafaa tujifunze katika mema yao na katika makosa yao. Huko, tangu mwaka 2013, sheria ilimtaka kijana aendelee na masomo au mafunzo hata afikishe miaka 17, na tangu mwaka 2015 hata afikishe miaka 18. Hailazimu awe darasani siku zote. Aweza kuwa chuoni, au kazini huku akifundishwa. Shule za mji mmoja hugawana masomo: mtoto ameandikwa katika shule hii, lakini somo fulani alisoma katika shule ile, au katika chuo.

Mwaka 2008 serikali yao ilianzisha stashahada mpya za vijana, ambazo zilipasa kufundishwa na shule, vyuo na waajiri kwa pamoja, kwa kuwa hapakuwa na shule moja iliyoweza kuzibeba zote. Nia ilikuwa njema. Lakini haikupita miaka mingi stashahada hizo zikaachwa. Serikali ilibadilika mwaka 2010, nayo ikafuata mengine. Zaidi ya hayo, mpango wenyewe ulikuwa mzito na wenye mambo mengi mno, na matatizo mawili ya kila siku yaliwasumbua walimu: safari na ratiba. Mtoto wa shamba alipoteza saa nyingi barabarani. Na shule hii ilipokuwa na kipindi cha ufundi, shule ile ilikuwa na kipindi cha hesabu, basi mtoto akakosa kimoja.

Kwa hayo mimi nimepata mafundisho mawili. La kwanza, ushirikiano uanze kwa majirani walio karibu kabisa, ambao mtoto aweza kwenda kwa miguu katika muda wa mapumziko. La pili, uanze kwa somo moja au mawili, si kwa kumi. Sisi safari yetu ni ya hatua mia moja, pindi likiwako lango.

VIZUIZI VILIVYOPO

Sitaki kuwadanganya kwamba jambo hili ni jepesi. Nimekwenda katika ofisi kadhaa kuuliza, na vizuizi nilivyoviona ni vinne.

Kwanza ni wenyewe wa mali. Kwa Katiba ya mwaka 2010, shule za sekondari ziko chini ya Serikali ya Taifa, lakini vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo ua ule mnaouona si wa seng'enge tu; ni mpaka wa serikali mbili. Mwalimu wa shule ameajiriwa na Tume ya Walimu, na mwalimu wa chuo ameajiriwa na kaunti. Kila mmoja ana mkubwa wake, na hakuna awezaye kumwamuru mwenzake. Hata hivyo, asiyeweza kuamuru aweza kuomba, na anayeombwa kwa heshima na majirani zake ni vigumu kukataa. Hapo ndipo chama kama hiki chafaa, maana sisi si wa shule wala si wa chuo. Watoto wa pande zote mbili ni wetu.

Pili ni fedha. Serikali imepanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, ingawa mara nyingi hazifiki zote wala hazifiki kwa wakati. Fedha hizo huenda shuleni. Mtoto akivuka kwenda chuoni akatumia mbao, nyaya na misumari ya chuo, ni nani atakayelipa? Chuo chenyewe ni maskini. Tukiacha swali hili bila jibu, ushirikiano utakufa katika mwezi wa kwanza, na majirani watabaki na uchungu.

Tatu ni mitihani na usalama. Somo haliwezi kufundishwa kienyeji tu kisha mtoto akatahiniwa. Ni lazima shule ipate kibali cha Wizara, na ihakikishe kwa Baraza la Mitihani kwamba kazi atakayoifanya mtoto katika karakana ya jirani itakubaliwa. Tena watoto hawa ni wadogo kwa sheria. Kijana akikatwa na msumeno upande wa pili wa ua, ni nani mwenye dhamana? Hilo liandikwe mapema, lisije likasemwa hospitalini.

Nne, na ndicho kikubwa kuliko vyote, ni kiburi. Nilipolitaja jambo hili kwa mara ya kwanza, mzee mmoja ninayemheshimu sana, naye yupo hapa na ameniruhusu kuyasema maneno yake, aliniambia hivi: “Mwanangu, chuo ni cha walioshindwa. Sisi tumetoa karo ili watoto wetu wavae tai. Ukiwapeleka kwa mafundi, watu watatucheka.”

Nimeyafikiri maneno yake kwa siku nyingi, kwa kuwa yametoka katika upendo. Wazee wetu waliona kwamba aliyeshika kalamu alikaa kivulini, na aliyeshika jembe alichomwa na jua. Tena katika siku za ukoloni kazi za mikono ndizo Mwafrika alizotengewa, na elimu ya juu akanyimwa. Si ajabu basi wakitilia shaka. Lakini leo tazameni vijijini kwetu. Wako vijana wenye vyeti vya kidato cha nne waliokaa sokoni tangu asubuhi hata jioni, na tai zimo sandukuni. Na bomba la maji la zahanati likipasuka twampigia simu fundi wa mji mwingine, naye hutulipisha na nauli. Fundi yule hachekwi na mtu.

Tena mimi simwombi mtoto aache kitabu ashike nyundo. Naomba ashike vyote viwili. Mtoto wa shule avuke kwenda karakana, na kijana wa chuo avuke kuja darasani kusoma hesabu na lugha. Wakikutana pale langoni, mmoja aenda na mwingine aja, ni nani atakayejua yupi ndiye aliyeshindwa? Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

WASIO KATIKA PANDE ZOTE MBILI

Kabla sijafika kwenye ombi langu, niwakumbushe watoto ambao hawako shuleni wala chuoni. Wako mabinti waliojifungua wakiwa shuleni. Tangu mwaka 1994 Serikali imewaruhusu kurudi, lakini binti mwenye mtoto mchanga hawezi kukaa darasani tangu alfajiri hata jioni. Wako na wavulana wanaofanya vibarua kwa kuwa baba alifariki. Hawa huitwa watundu, nao si watundu. Wana mizigo ya watu wazima juu ya mabega ya watoto. Kama shule na chuo vingekuwa na ratiba moja, binti huyo angeweza kuja asubuhi mbili za juma kushona kwa cherehani chuoni, na alasiri moja kusoma Kiswahili na hesabu shuleni. Hapati yote, lakini hapotei. Haba na haba hujaza kibaba.

NINALOLIOMBA

Bwana Mwenyekiti, naweka sasa mbele ya Mkutano huu maombi manne, yajadiliwe na kupigiwa kura.

Ombi la kwanza: fedha za karakana zisijengewe jengo kwa muda wa mwaka mmoja. Zibaki benki kwa jina la Chama, na mtu yeyote asiziguse ila kwa saini tatu kama katiba yetu isemavyo.

Ombi la pili: sehemu ndogo ya fedha hizo itumike kwa mambo haya tu: lango katika ua, vifaa vitakavyotumiwa na watoto wa shule, mavazi ya kazi na miwani ya kukinga macho, na posho ya mwalimu wa chuo kwa saa anazoongeza. Kila muhula hesabu isomwe hadharani.

Ombi la tatu: Chama kiwaalike mwalimu mkuu wa shule, mkuu wa chuo, na wenyeviti wa bodi zao, waketi pamoja nasi waandike mapatano. Yaandikwe siku na saa, ni nani mwenye dhamana ya mtoto kila upande wa lango, ni nani aandikaye mahudhurio, na kifaa kikivunjika kitalipwaje. Nakala zipelekwe kwa wakuu wa elimu wa Serikali ya Taifa na wa kaunti, na mtoto yeyote asivuke kabla kibali hakijapatikana. Tuanze kwa masomo mawili, umeme na useremala, alasiri mbili kwa juma. Chuo nacho kipewe vipindi vya hesabu na lugha kutoka shuleni, ili pasiwe na mwenye kusema kwamba upande mmoja watoa na upande mmoja wapokea.

Ombi la nne: iteuliwe kamati ya watu sita, wazee wawili, mama wawili na vijana wawili, itembelee pande zote mbili kila mwezi, na kuleta taarifa katika mkutano ujao. Ikiwa jambo hili limeshindwa, mimi nitakuwa wa kwanza kusimama hapa na kukiri, kisha tujenge karakana yetu kama tulivyokusudia. Fedha zitakuwa bado zipo. Lakini tukijenga kwanza na jengo likakosa mwalimu, hatutaweza kuyauza mawe tukarudishiwa mbuzi wetu.

MWISHO

Wazee wangu, najua nimesema kwa urefu kuliko inavyompasa karani. Ninyi mlitusomesha sisi kwa taabu, wengine kwa kuuza mazao yaliyokuwa shambani bado. Hatuwezi kuwalipa. Twaweza tu kuwatendea wadogo wetu kama mlivyotutendea, kwa akili ya wakati huu.

Mtoto wa dada yangu bado anakwenda shule. Nimemwambia avumilie, kwamba wazee watakutana na kulitazama jambo lake. Sikumwahidi neno jingine, kwa kuwa sina uwezo wa kuahidi kwa niaba yenu. Aliniuliza mkutano ni lini, nikamtajia siku. Akaiandika nyuma ya daftari lake. Siku hiyo ndiyo leo.

Mungu akibariki Chama chetu na watoto wetu.

Mimi mtumishi wenu mtiifu,
Karani wa Chama